Lori Mlimani: Mwongozo wa Kupima na Kukokotoa Mwendo wa Magari Kwenye Barabara za Njia Mbili

Mwongozo huu ni wa nani

Mwongozo huu umeandikwa kwa mafundi sanifu, wahandisi vijana, wahesabu magari na maofisa wa usafirishaji wanaoshughulika na barabara kuu za vijijini, zile zenye njia moja ya kwenda na moja ya kurudi. Msimamizi wa malori naye atanufaika, hasa anayetaka kujua kwa nini safari ya saa 10 huchukua saa 14.

Mfano wetu ni mlima wa Kitonga, kwenye barabara ya TANZAM iendayo Zambia, mkoani Iringa. Msafiri anayetoka Dar es Salaam akishaziacha meza za vitunguu za Ruaha Mbuyuni anajua kinachofuata. Barabara inaanza kujikunja ukingoni mwa mlima, injini zinabadilisha sauti, na basi lililokuwa likikimbia linajikuta nyuma ya tela linalotembea kwa mwendo wa baiskeli. Juu, kuelekea Ilula, malori ya nyanya yanaingia barabarani na msururu unazidi kurefuka. Yanayosemwa hapa yanafaa pia kwa milima mingine ya ukanda wetu.

1. Jambo la kuelewa kabla ya yote

Kwenye barabara ya njia mbili, anayetaka kumpita mwenzake lazima aazime njia ya wanaokuja. Kwa hiyo kinachoiziba barabara hiyo si wingi wa magari pekee. Magari machache mazito yanayotembea polepole yanatosha kuiziba.

Kitabu cha Marekani cha uwezo wa barabara, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1950 na kinachotumiwa na wahandisi wa nchi nyingi, kilitaja katika toleo lake la 2000 kwamba njia moja ya barabara ya aina hii hupitisha hadi magari madogo 1,700 kwa saa, na njia zote mbili kwa pamoja 3,200. Barabara zetu nyingi za vijijini hazifiki hata robo ya idadi hiyo, na bado madereva wanalalamika kwamba hazipitiki. Malalamiko hayo ni ya kweli. Barabara inaweza kuwa na nafasi tele kwa hesabu ya uwezo, huku karibu kila gari likiwa limefungwa nyuma ya lori.

Ndiyo maana kitabu hicho hakikuishia kwenye idadi ya magari. Kwa miaka mingi kilipima sehemu ya muda wa safari ambayo dereva anaitumia akimfuata mwenzake asiyeweza kumpita. Toleo la 2022 linapima idadi ya magari yanayofuata mengine katika kila maili ya njia. Nawe ukitaka kuijua hali ya barabara yako, usiulize tu magari ni mangapi. Uliza ni mangapi yanayofuata mengine bila kupenda.

2. Pima barabarani kabla ya kufungua kompyuta

Chagua vituo vinne: kimoja tambarare, kilomita kadhaa kabla ya mlima, cha pili chini kabisa pale mwinuko unapoanza, cha tatu ndani ya mlima, mahali ambapo malori yameshapoteza kasi ya kuingilia, na cha nne juu, baada ya kilele. Kituo cha tambarare kinakuonyesha magari yanavyotembea pasipo mlima, na bila hicho huna cha kulinganishia.

Katika kila kituo andika mambo manne kwa kila gari: saa ya kupita hadi sekunde, upande linakoelekea, aina yake, na kama limepakia au ni tupu. Jumla ya kila saa peke yake haitoshi, kwa kuwa misururu inajificha ndani yake. Ukiwa na sekunde za kupita unaweza kujua nani anamfuata nani: gari lililopita chini ya sekunde 3 baada ya lililotangulia lihesabiwe kuwa linafuata.

Hesabu usiku pia. Tangu Oktoba 2023 mabasi ya mikoani nchini Tanzania yameruhusiwa tena kusafiri usiku, na malori tangu zamani hayajali giza. Hesabu ya saa 12 za mchana haielezi tena barabara hizi. Fanya siku 7 mfululizo, siku ya soko na Jumapili zikiwemo.

Kwa kupima mwendo wa lori linalopanda huhitaji chombo cha gharama. Pima mita 100 kwa futi kamba kando ya lami, weka alama mbili za chokaa, kisha tumia saa ya simu. Gawanya 360 kwa sekunde ulizopata, na jibu ndilo mwendo kwa kilomita kwa saa. Lori lililotumia sekunde 14.4 linatembea kilomita 25 kwa saa. Simama nje ya bega la barabara, vaa kizibao kinachong'aa, na usisimame ndani ya kona. Lori lililokosa breki halina nafasi ya kukukwepa.

Ukiwa hapo tazama na usikilize. Utamsikia dereva akishusha gia mara tatu au nne ndani ya mita chache, kila mara lori likishtuka kidogo na kupungua mwendo. Utamwona utingo ameshuka na gogo mkononi, anatembea kando ya gurudumu la nyuma tayari kulitia kigingi likikwama. Andika mahali gia zinaposhushwa. Hapo ndipo mwinuko unapoushinda mwendo, na mara nyingi ndipo njia ya ziada ilipaswa kuwa imeshaanza.

3. Lijue lori lako kwa uzito na nguvu

Kupanda kwa lori kunaamuliwa na namba moja kuliko nyingine zote: uzito wake ukigawanywa kwa nguvu ya injini.

Uzito utaupata kwenye mizani. Kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari, lori na shehena yake halitakiwi kuzidi tani 56. Rekodi za mizani zitakuonyesha malori yako yana uzito gani hasa, kwa kuwa si yote yanafika kwenye ukomo huo, na mengi hurudi bandarini yakiwa matupu. Nguvu ya injini muulize dereva. Pia namba iliyobandikwa kwenye kabini, kama 380 au 420, mara nyingi huashiria nguvu za farasi. Nguvu za farasi 420 ni sawa na kilowati 309.

Chukua lori la tani 56 lenye injini hiyo. Kila kilowati inabeba kilo 181. Miongozo ya Marekani ya usanifu wa barabara kwa muda mrefu imetumia lori la takriban kilo 120 kwa kilowati. Tofauti hiyo ni kubwa. Anayekopa michoro ya Marekani bila kuirekebisha anasanifu mlima kwa ajili ya lori jepesi kuliko yanayopita mbele ya macho yake.

Mwendo wa lori linalopanda kwa uthabiti hukokotolewa hivi:

Kwanza, tafuta nguvu inayofika kwenye magurudumu. Takriban asilimia 15 hupotea kwenye giaboksi na difu. Kilowati 309 zinabaki 263.

Pili, tafuta nguvu inayolivuta lori nyuma. Jumlisha asilimia ya mwinuko na asilimia 1 ya ukinzani wa matairi kwenye lami nzuri, kisha zidisha kwa uzito wa lori. Tani 56 zina uzito wa kilonyutoni 549. Kwenye mwinuko wa asilimia 6 unapata asilimia 7 ya 549, yaani kilonyutoni 38.5.

Tatu, gawanya ya kwanza kwa ya pili. 263 kwa 38.5 ni mita 6.8 kwa sekunde, sawa na kilomita 25 kwa saa hivi.

Kwa hesabu hiyohiyo, mwinuko wa asilimia 3 unaliacha lori hilo na kilomita 43 kwa saa, na wa asilimia 8 unalishusha hadi 19. Lori likiwa tupu, la tani 18, linaukata mlima wa asilimia 6 kwa zaidi ya kilomita 70 kwa saa. Kwa hiyo lori tupu na lori lililopakia ni magari mawili tofauti mbele ya hesabu. Yahesabu kila kundi peke yake.

Hatua ya nne ni kujua lori linapoteza kasi mapema kiasi gani. Gawa mlima katika vipande vya mita 50. Katika kila kipande gawanya kilowati za magurudumu kwa mwendo wa wakati huo (mita kwa sekunde) upate kilonyutoni za kusukuma, toa ukinzani wote, gawanya kwa tani za lori upate kasi inavyobadilika, kisha ingia kipande kinachofuata na mwendo mpya. Jedwali la kawaida la kompyuta linatosha. Lori letu likiingia mwinuko wa asilimia 6 kwa kilomita 80 kwa saa, litapoteza kilomita 15 za mwanzo ndani ya mita 200 hivi.

Ukimaliza, linganisha na ulichopima. Kama hesabu inasema 25 na saa yako inasema 18, iamini saa. Pengine injini zimechoka, mzigo umezidi, lami imeharibika, au mwinuko ni mkali kuliko mchoro. Rekebisha hesabu hadi ikubaliane na mlima. Kisha yapange malori yote uliyoyapima kutoka lenye kilo chache kwa kilowati hadi lenye nyingi, uchukue la 85 katika kila 100 kuwa lori la kusanifia. Wastani haufai kwa kazi hii, maana linaloongoza msururu ni lori zito, si lile la katikati.

4. Kutoka lori moja hadi msururu

Tuseme mlima una urefu wa kilomita 5 na haiwezekani kupita popote. Lori linatembea 25, gari dogo lingetembea 60. Lori litatumia dakika 12, gari dogo dakika 5. Tofauti ni dakika 7. Gari dogo litalikuta lori mlimani iwapo lori hilo liliingia katika dakika 7 zilizotangulia.

Malori yakiwa 10 tu kwa saa, yakiingia bila mpangilio, uwezekano wa gari dogo kukwama nyuma ya lori ni asilimia 69. Yakiwa 5 kwa saa, ni asilimia 44. Yakiwa 20, ni asilimia 90. Soma tena namba hizo. Lori moja kila dakika 6, kiasi ambacho ofisini kitaitwa magari machache, linawafunga karibu watu 7 katika kila 10.

Kwa malori 10 hayo, kila gari dogo linapoteza wastani wa karibu dakika 3. Yakipanda magari madogo 150 kwa saa, katika kila saa moja zinapotea zaidi ya saa 7 za magari, pamoja na abiria wake, mafuta yake na mgonjwa anayewahishwa hospitali ya mkoa. Hesabu hii unaweza kuifanya kwa kikokotoo cha simu, na ndiyo itakayoeleweka haraka kwenye kikao cha bajeti.

Kumbuka jambo moja: malori hayaingii bila mpangilio siku zote. Mizani huyaachia kwa mafungu, na vivyo hivyo geti la mpakani au kituo cha kulala madereva. Kama kituo chako kiko mbele ya mizani, pima mafungu hayo yalivyo. Malori yaliyoshikana hulifunga gari moja kwa muda mrefu zaidi, na humtia dereva kishawishi cha kuyapita yote kwa mkupuo.

5. Umbali wa kupita

Kishawishi hicho nacho kina hesabu. Gari dogo likiwa nyuma ya lori na tela la mita 22 linalopanda kwa 25, likaongeza mwendo hadi wastani wa 45, linahitaji karibu sekunde 8.5 na mita 106 ili kupita na kurudi salama. Katika muda huo gari linaloshuka kwa 50 linakuja mita 118. Dereva anapaswa kuona mbele zaidi ya mita 220.

Malori yakiwa matatu, yameachana mita 15, anahitaji karibu sekunde 22, na umbali wa kuona unafika mita 575. Kwenye mlima wenye kona, mita 575 hazionekani. Dereva anayeanza kuyapita malori matatu Kitonga anaingia mahali ambapo hajui nani anakuja. Tembea mlima mzima, pima umbali wa kuona kila mita 100 kwa pande zote mbili, uandike sehemu zinazofaa kupita lori moja na zisizofaa kabisa. Mstari wa katikati uchorwe kufuatana na orodha hiyo.

6. Programu za kompyuta na mahali pake

Zipo programu zinazofuatilia kila gari sekunde kwa sekunde: Marekani walitengeneza TWOPAS, iliyotumika kuandaa sura ya barabara za njia mbili katika kitabu cha mwaka 2000, Australia walitengeneza TRARR. Benki ya Dunia na washirika wake walijenga HDM, ambayo toleo lake la nne limetumika sana Afrika katika kupanga matengenezo. HDM hukadiria mwendo wa gari kwa kutazama vizuizi vitano: nguvu ya injini, uwezo wa breki kwenye mteremko, kona, mashimo na mikwaruzo ya barabara, na mwendo anaoutaka dereva mwenyewe.

Mizizi ya HDM imefika kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa maabara ya barabara ya Uingereza walipima magari kwenye barabara za Kenya, wakaangalia mwinuko, kona, ubovu wa barabara na hata kimo kutoka usawa wa bahari, na ripoti yao ya 1975 ikawa mojawapo ya misingi ya kazi iliyofuata. Tunakumbushwa kwamba hesabu zinazoheshimiwa duniani zilianza na watu waliosimama kando ya barabara kama zetu.

Programu yoyote utakayotumia, ilishe vipimo vyako: uzito na nguvu za malori yako, mwendo wa magari madogo pasipo kizuizi, na nafasi ambazo madereva wa hapo huzikubali kupita. Kisha iache ikokotoe hali ya sasa, ulinganishe idadi ya wanaofuata na ile uliyoihesabu. Ikishindwa kuieleza leo, usiitumie kukadiria miaka 20 ijayo.

7. Mteremko nao uhesabiwe

Wengi hukokotoa upandaji wakasahau ushukaji. Lori letu la tani 56 likishuka asilimia 6 kwa kilomita 25 kwa saa, breki zinapaswa kumeza kilowati 190 bila kupumzika. Kwa kilomita 50, zinapanda hadi 380, zaidi ya nguvu ya injini yenyewe ikiwa inapanda. Breki za injini hazitoshi kwa mzigo huo. Breki za magurudumu zinapata moto na kupoteza uwezo. Kanuni ya madereva wazoefu, kwamba gia uliyopandia ndiyo ya kushukia, ni fizikia sahihi, na kuondoa gia mteremkoni ni kuziachia tani 56 zikimbie zenyewe.

Kwa hiyo lori linaloshuka vizuri linashuka polepole, na nyuma yake kuna msururu kama ulioko upande wa pili. Hesabu kila upande.

8. Kutoka hesabu hadi uamuzi

Miongozo ya Marekani hupendekeza njia ya ziada ya malori iwapo magari yanayopanda yanazidi 200 kwa saa, malori kati yake yanazidi 20 kwa saa, na lori zito linapoteza kilomita 15 kwa saa au zaidi, au huduma ya barabara inashuka sana. Vitumie vigezo hivyo kama pa kuanzia. Umeshaona kwamba kwenye mlima mrefu usio na pa kupitia, malori 10 yanatosha kufunga barabara. Andika hoja hiyo wazi kwenye ripoti, na jedwali lako likiwa ushahidi.

Njia hiyo ianze kabla lori halijapoteza kasi, na iendelee kupita kilele hadi lori litakaporudisha mwendo. Njia inayokatika kileleni inalirudisha lori barabarani likiwa bado zito, mbele ya magari yanayokimbia, mahali ambapo mbele hapaonekani.

Fedha zisipotosha kwa mlima wote, kuna hatua ndogo zenye faida: maegesho mapana ya kupishia malori kila kilomita moja au mbili, mabega ya lami imara, alama zinazotaja urefu wa mlima na gia ya kutumia, mahali pa kukagua breki kabla ya kushuka, na gari la kuvuta malori lililo karibu. Lori moja likifa kwenye kona, barabara nzima ya kwenda Zambia na Kongo inasimama. Pima pia saa hizo za kufungwa, maana mara nyingi hasara yake inashinda ya ucheleweshaji wa kila siku.

9. Makosa ya kuepuka

Usitumie wastani wa mwendo wa magari yote kama kipimo cha hali ya barabara. Usichanganye malori yaliyopakia na matupu. Usihesabu siku moja ukaziwakilisha siku 365. Usichukue mwinuko kutoka mchoro wa zamani bila kuupima. Usiwasilishe jibu la kompyuta lisilo na safu ya vipimo pembeni yake.

Neno la mwisho kwa msomaji

Kabla ya kuandika ukurasa wa kwanza wa ripoti, nenda mlimani na futi kamba, chokaa na saa. Pima malori 30 yanayopanda na 30 yanayoshuka, uandike tarehe, mahali na jina la mpimaji, na karatasi hiyo itunzwe. Mchoro unaweza kubadilishwa, programu itatoka toleo jipya, na bajeti itakatwa; lakini atakayekaa kwenye kiti chako baada ya miaka 10 atahitaji kujua malori yalikuwa yanapanda kwa mwendo gani mwaka huu. Asiyepima leo anamnyima jibu hilo, na anamwacha dereva aliyeko nyuma ya tela akiendelea kubahatisha kwenye kona.